Mwenye Shughuli ya Macho

Vichwa vya Anselmo vilianza kusinzia mwaka wa hamsini na tatu, mvua za masika zilipokwisha. Kabla ya hapo vilikuwa vinakutazama. Ungepita barazani kwake pale Temeke, alipokuwa akichonga mpingo huku amelibana gogo katikati ya miguu, na vile vichwa vya wanaume na wanawake alivyovipanga ukutani vingekufuata kwa macho mpaka uone haya ushike njia yako. Mhindi mmoja wa mjini, Velji, alikuwa akivinunua na kuwauzia Wazungu walioshuka melini. Kisha, bila taarifa, kila kichwa kikawa kimefumba macho.

"Mtani, hawa watu wako wamelala au wamekufa?" nilimwuliza.

"Wamechoka kukuona," akanijibu, na mkono wake haukusimama.

Niseme kwanza tulivyokuwa, maana siku hizi vijana hawajui tena mambo haya. Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu vita vya mababu. Walipigana hadi wakachoka, ndipo wakakubaliana watukanane badala ya kuchinjana. Mtani akikukuta umepika, anakula bila kualikwa. Ukifa, anatangulia kuingia kaburini mwako na hatoki mpaka apewe chake. Na analo neno ambalo hata mkeo hathubutu kukwambia. Mimi niliyetoka Kilwa, Mwislamu, mwuza vitumbua, nilipohamia Temeke nikakuta jirani yangu ni Anselmo, Mkristo wa Ndanda, basi nilijiona nimefika nyumbani. Kila asubuhi tulitukanana, mimi kwenye jiko langu, yeye kwenye gogo lake. Wapita njia waliokuwa wageni walidhani tuna kesi.

Lakini habari ya macho yake sikuigusa. Nilimwona akipapasa kutafuta tupa iliyokuwa karibu na goti lake. Nilimwona akimimina chai nje ya kikombe, akajifanya amekusudia kuosha mkeka. Bi Tunu, mwenye nyumba wake, aliona. Majirani wa mtaa mzima waliona, na kila mmoja alidhani ameona peke yake. Anselmo mwenyewe alidhani hakuna aliyeona. Ukiwa fundi wa kuchonga na macho yanakufifia, Velji akisikia tu, kazi imekwisha. Kwa hiyo tulifunga midomo, nami mtani nikaufunga wangu, jambo ambalo si la kawaida kwangu, na wanaonijua watakwambia.

Sasa katika nyumba hiyo ya Bi Tunu, chumba cha mbele alipanga Mwalimu Projestus, kijana wa Kihaya aliyeletwa kutoka Bukoba kufundisha shule ya misheni. Kijana safi, mrefu, mwenye kupiga pasi hata leso. Alasiri moja alikuja uani tulikokuwa tukikuna nazi, ameshika kopo lililotobolewa juu, na ubavuni limebandikwa picha ya jicho.

"Shikamooni kina mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nimekuja kuwaarifu kwamba mwezi ujao nitaogelea. Kutoka ng'ambo ya Vijibweni hadi Mtoni."

Bi Tunu akainua uso kutoka kwenye mbuzi ya nazi. "Kwani mitumbwi imekwisha?"

Mwalimu akatabasamu, akaeleza. Kulikuwa na kamati mjini ya Wazungu, Wahindi na Waafrika, nayo ilikuwa inakusanya fedha kwa ajili ya madaktari wanaochunguza magonjwa ya macho. Watu wataogelea, na watu wengine watatoa fedha kwa kuwa wale wameogelea.

"Wewe ukiogelea, macho ya watu yanapona?" akauliza Bi Tunu.

"Hapana, bibi. Fedha ndizo zitakazosaidia."

"Basi sie tukupe fedha, usiogelee. Mtoto wa watu usije ukafa maji."

"Lazima niogelee. Nisipoogelea, watu hawatoi."

"Nani hatoi? Mie nakupa sasa hivi."

"Ndiyo, bibi, lakini unanipa ili niogelee."

"Mie sitaki uogelee."

Mwalimu akatoa leso yake iliyopigwa pasi, akajifuta jasho. Akaanza upya, polepole, kama yuko mbele ya darasa la kwanza. Akaeleza mpaka nazi zikaisha. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa, na kichwani mwangu hamkuwa na kitu. Mwishowe nikauliza lile ambalo kila mtu angeuliza.

"Na mgonjwa mwenyewe ni nani?"

"Hakuna mgonjwa mmoja, mama Mwanaheri. Ni wagonjwa wote. Hata wale ambao hawajazaliwa."

"Mchango wa watu ambao hawajazaliwa," akasema Bi Tunu, kama mtu anayeonja mchuzi asioujua.

Nisikufiche, sikuelewa siku ile, na hata leo naelewa nusu. Kwetu sisi mchango una mwenyewe. Kama ni harusi, kuna baba wa bibi harusi. Kama ni msiba, kuna mfiwa. Kama ni ngoma ya mwali, kuna mama wa mwali. Huyo ndiye mwenye shughuli. Unampelekea mchele wako ukimtazama usoni, naye anasimama mbele ya watu anashukuru, na siku yako ikifika anakuletea wewe. Sasa kuku utampelekaje kwa ugonjwa? Ugonjwa unakaa nyumba gani?

Tulitia senti zetu koponi kwa sababu Projestus alikuwa mtoto mzuri, naye akaondoka ameridhika. Lakini shughuli ilibaki imening'inia. Yustina, mke wa Anselmo, alikuwa amekwenda bombani kuteka maji. Upande wa pili wa ukuta tulisikia tezo ya mumewe ikigonga mpingo, inagonga, inasimama kwa muda mrefu, inagonga tena. Bi Tunu akatazama ukuta. Na sisi tukatazama ukuta. Naapa hakuna aliyetaja jina la mtu.

Kesho yake asubuhi Bi Tunu alifika barazani kwa Anselmo na kuku aliyefungwa miguu. Akamweka chini, akasema, "Pole sana, fundi," akaondoka. Nyuma yake akaja mwingine na mchele. Wakaja na nazi, na mkungu wa ndizi, na kuku tena. Wanaume waliokuwa wakienda kazini bandarini walisimama wakamshika bega. "Jikaze, mzee. Ndiyo dunia."

"Pole ya nini?" Anselmo akauliza.

"Pole tu," wakamjibu, na macho wanayatupa pembeni.

Na hapo ndipo mambo yalipovurugika, kwa sababu kwetu kuna desturi nyingine. Mtu aliyefiwa na wa mbali haambiwi kwa ghafula. Watu wanamwendea kwanza na chakula, wanazungumza habari za mvua, wanamwambia ajikaze, mpaka moyo wake uanze kuhisi wenyewe. Anselmo alitazama kuku, akatazama mchele, akawasikia watu wanaomwonea huruma bila kusema kisa. Akajumlisha. Akaona mama yake kule Ndanda amefariki na sisi tunamficha.

Yustina akarudi akamkuta ameweka tezo chini. Akatoka mbio kuuliza majirani, nao, wakidhani wanaulizwa juu ya macho, wakamjibu kwamba Mwenyezi Mungu atawapa nguvu. Yustina akaangua kilio. Majirani waliposikia kilio wakasema, basi, macho yamezimika kabisa asubuhi hii, wakaongeza kuku.

Mimi nilikuwa sipo. Niliporudi na sinia langu tupu la vitumbua nilikuta mikeka imetandikwa, wanawake wamejitanda kanga, na Anselmo amevaa koti lake la kanisani, ameshika kikapu chenye nguo. Mwanamke mmoja aliyekuwa akilia kwa uchungu sana akanivuta upindo wa kanga, akaninong'oneza nimwambie ni nani aliyekufa. Nikamwambia hata mie natafuta kujua.

"Mtani, safari ya wapi?"

"Kumzika mama."

"Mama yako amekufa lini?"

"Nyie ndio mnaojua," akasema. "Mmenificha tangu asubuhi. Niambieni tu alikufa kwa nini, niwahi lori la kusini."

Nilisimama pale na sinia kichwani nikimtazama huyu na yule. Bi Tunu aliinamisha uso. Ilinichukua muda kuunganisha kilio na kuku, na kuku na kopo la mwalimu. Nilipounganisha, niliona kwamba hakuna mwingine wa kulisema. Mkewe hajui, majirani wanaogopa, na mtani ni mimi.

"Mama yako mzima," nikamwambia. "Hao kuku ni wa macho yako. Mwalimu anaogelea kwa ajili ya macho, na wewe ndiye mwenye shughuli."

Alifanya ishara ya msalaba kwa ajili ya mama yake. Kwa kitambo kidogo uso ulimlegea, nikadhani atacheka. Kisha nikauona unajifunga.

"Nani amewaambia macho yangu yana kitu?"

Watu wakatazama kuku.

"Macho yangu mazima. Kila mtu achukue kuku wake."

Hakuna aliyechukua. Kuku aliyekwisha kutolewa harudishwi nyumbani, ni kama kumwombea mtu mabaya. Na yeye, kama angewapokea, angekuwa amekubali mbele ya mtaa kwamba haoni. Tena ile kamati ya mwalimu, Velji alikuwa mmoja wa wajumbe wake, na siku ya kuogelea angekuwepo pale Mtoni ameketi kwenye kiti cha mbele. Kukubali kuku ilikuwa ni kumwambia Velji. Kuwakataa ilikuwa ni kuwatukana watu wote waliomjali. Anselmo akavua koti, akaketi kwenye gogo lake, akatugeuzia mgongo.

"Nitawaonyesha," akasema. "Nitachonga kichwa chenye macho wazi. Nitakwenda nacho Mtoni nimpe Velji mkononi, mbele yenu."

Kuanzia hapo hakuna aliyejua afanye nini. Kuku walizurura uani wakataga mayai, na mayai hayakuwa na mwenyewe. Yustina alikataa kuyapika. Mume wake amesema si ya kwao, na mke anajua mume wake haoni, tangu nilipoyataja macho amekwisha kukiri moyoni, lakini hawezi kumwambia anajua. Mwalimu Projestus alirudi jioni ya siku ileile ya kwanza kutoka mazoezini, chumvi imemkauka masikioni, akawakuta kuku.

"Shikamoo mzee Anselmo. Naona umeanza kufuga."

Anselmo aliendelea kugonga mpingo. Bi Tunu ndiye aliyemvuta mwalimu kando akamweleza. Kijana wa watu alishtuka.

"Lakini bibi, huyu siye mgonjwa wetu. Nilisema ni wagonjwa wote."

"Kwani yeye hayumo katika wote?"

Projestus akafikiri. "Yumo."

"Basi," akasema Bi Tunu, akaenda zake kupika.

Alasiri ya kuamkia siku yenyewe ya kuogelea, Anselmo aliniita. Yustina alikuwa kanisani. Kichwa kilikuwa juu ya gogo, kimefunikwa gunia, naye amekaa wima kama anayesubiri kupigwa picha.

"Nimekwita wewe kwanza," akasema. "Wengine watanisifu kwa adabu. Wewe huna adabu."

Akafunua.

Kilikuwa kichwa cha mwanamke. Mashavu yake, mdomo wenye ndonya, masikio, vyote vilikuwa kazi ya Anselmo wa zamani, laini mpaka unatamani kukishika. Vidole vyake vilikuwa vinajua njia hizo bila kuuliza. Lakini macho. Jicho moja lilikuwa limepanda mpaka kwenye paji la uso. La pili lilikuwa limeteremka na kujibana kando ya pua, tena dogo kuliko mwenzake.

"Haya, mtani," akasema. "Tukana."

Nikafungua mdomo. Mtu huyu nilikwisha kumtukana masikio yake, kabila lake, ugali wake, na namna anavyovaa koti la kanisani. Sijawahi kukosa neno kwa ajili yake hata siku niliyokuwa na homa. Siku ile nilikosa. Nilisikia kuku wakiparua mchanga nyuma ya nyumba.

"Mtani?"

"Nipo."

"Hucheki?"

Nikacheka. Lakini nilicheka nimechelewa, na yeye alikijua kicheko changu miaka mingi. Akapeleka kidole gumba kwenye jicho la juu, akalizunguka taratibu, kisha akashuka kulitafuta la pili. Alichukua muda kulipata. Akakifunga kile kichwa kwenye gunia, akanyoosha mikono kuelekea niliko, akakosea kidogo, nikasogea nikakipokea.

"Chukua. Siku utakapoweza kukicheka, niletee."

Niliumia, sifichi. Nilikwenda kwangu nikakaa. Kama ningekuwa nimemtukana angekasirika, angenirushia tupa, tungekuwa sawasawa. Nilimhurumia, na huruma ndiyo iliyomwambia kila kitu. Vitumbua vya jioni ile viliungua nikavimwaga.

Siku ya kuogelea Temeke yote ilihamia Mtoni. Maji yalikuwa yamejaa mpaka mikoko imesimama ndani yake hadi kiunoni. Wazungu walikaa chini ya turubai, Wahindi walileta sharubati, na askari walikuja na tarumbeta zao. Sisi tulikuja na mikeka, na kuku ndani ya matenga, kwa kuwa hatukujua la kufanya nao na hatukuweza kuwaacha. Bwana mmoja wa kamati alikuja akayatazama matenga, akauliza kitu kwa Kiingereza, akaondoka akitikisa kichwa. Waogeleaji walikuwa wamekwisha kuvushwa kwenda ng'ambo.

Sikumtazamia Anselmo. Lakini watu wakaanza kupisha, nikamwona anakuja, amenyoa ndevu, amevaa lile koti, na kwenye mkono amekunja kanga mpya ya Yustina. Yustina alikuwa nyuma yake. Aliniambia kwa ishara kwamba hajui lolote, tangu asubuhi mumewe hajatamka neno. Velji alisimama kwenye kiti chake kumpungia mkono, na Anselmo hakumpungia.

Akaja akasimama karibu nami. Alinijua kwa harufu ya mafuta ya vitumbua, alikuwa akisema hivyo kila mara.

"Mwalimu yuko wapi?"

"Bado mbali. Vichwa tu vinaonekana."

"Nitampokea mie. Usinishike mkono."

Nikauachia mkono wake. Alivua viatu, akashuka kwenye tope, akaingia majini mpaka magotini, na pale akasimama akisikiliza. Sikuelewa anataka kufanya nini. Nilifikiri labda ameamua kujifanya anaona mpaka mwisho. Nilifikiri labda hasira imemchanganya.

Mwogeleaji wa kwanza akafika. Alipiga maji kwa kishindo, akasimama, akakohoa. Anselmo akafuata kishindo, akamtanda kanga mabegani, akaikaza vizuri kama anavyotandwa mtu aliyekuhangaikia. Kisha akasema kwa sauti kubwa, kama mwenye shughuli anavyosema ili na walio nyuma wasikie.

"Mwalimu, mwanangu. Umeteseka kwa ajili ya macho yangu, nami nilikuwa sitaki. Nilisema ni mazima. La kushoto limekufa tangu masika. La kulia linakwenda. Velji yupo hapa, na asikie. Watu wa Temeke mliniletea kuku nikawafukuza. Sasa nimewapokea. Ahsanteni sana."

Tarumbeta zilikuwa zimenyamaza. Kila mtu alimsikia.

Ila yule aliyetandwa kanga hakuwa mwalimu. Alikuwa daktari wa Kizungu, ndiye aliyeanzisha jambo lote, mtu mzima mwenye tumbo na upara, mwekundu kwa jua. Alisimama ndani ya kanga ya Yustina asijue ashike wapi. Projestus alikuwa bado kule nyuma. Alizoea maji ya ziwa, na siku ile chumvi ilikuwa inamtesa.

Pwani nzima ikawa kimya. Nilikitambua kimya hicho. Kilikuwa changu cha jana, sasa kimeenea kwa watu wote, chenye huruma ileile. Anselmo naye alikitambua. Nilimwona anageuza uso polepole, huku na huku, akitafuta kosa liko wapi, na mikono yake bado imeshika kanga. Nikaona kwamba kama hakuna atakayesema kitu sasa hivi, mtu huyu atarudi nyumbani na hatatoka tena chumbani mwake.

"Mtani," nikapiga kelele, "huyo ni Mzungu! Mwalimu wako mweusi yuko kule anakunywa maji!"

Na kicheko kikanitoka chenyewe, kutoka tumboni, kikubwa, hakikuchelewa hata kidogo. Nilicheka mpaka nikashika magoti. Yustina alinitazama kana kwamba nimemchoma kisu.

Anselmo alisimama hivyohivyo. Halafu akainua mkono, akapapasa kichwa cha daktari kutoka paji hadi kisogoni.

"Nami nilishangaa," akasema, "mwalimu amepata upara saa ngapi."

Watu wakalipuka. Bi Tunu alikaa chini kwenye tope na nguo zake nzuri. Daktari naye akacheka, ingawa naamini hakujua tunacheka nini, na Anselmo akacheka akiwa amemshikilia ili asianguke. Projestus alipofika, amelegea, macho yamemwiva, alikuta watu wote wanafuta machozi na hakuna hata mmoja aliyemtazama yeye. Akauliza kumetokea nini. Mpaka leo sidhani kama alielezwa vizuri.

Daktari alimketisha Anselmo chini ya turubai, akammulika kwa kurunzi ndogo, kanga bado iko mabegani mwake. Projestus akatafsiri huku anatetemeka. Jicho la kushoto halitarudi. La kulia litadumu kiasi fulani, daktari hajui kiasi gani. Ugonjwa wenyewe aliutaja kwa jina la Kizungu, sikulishika. Dawa yake ilikuwa haijajulikana, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa kwa zile fedha.

"Kwa hiyo haya yote si kwa ajili yake?" akauliza Bi Tunu, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda.

"Ni kwa ajili ya watakaokuja, bibi," akasema mwalimu, akitazama miguu yake.

"Na yeye?"

Mwalimu alimgeukia daktari kumtafsiria, lakini Anselmo alimtangulia.

"Bi Tunu," akasema Anselmo, "msibani tunachanga kila siku, na maiti hajafufuka hata mmoja. Twendeni tukale kuku."

Velji alikuja akamshika mkono, akamwambia alijua siku nyingi, tangu vichwa vilipoanza kulala. Aliendelea kuvinunua kwa muda. Nisiseme uongo kumpamba, mwaka uliofuata aliacha, na Anselmo akaanza kuchonga miko na mbuzi za nazi, kazi ambazo vidole vinatosha. Mbuzi ninayokunia mpaka leo ni ya mkono wake.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile kuku walipikwa uani kwa Bi Tunu, na mayai yakapata mwenyewe. Mwalimu alikula sahani tatu. Watu walipokuwa wameshiba na kuanza kuchokonoa meno, nilikwenda kwangu nikarudi na gunia, nikakitoa kile kichwa nikakiweka katikati ya mkeka, mbele ya watu wote. Yustina alikuwa hajakiona. Alijifunika mdomo.

"Mtani, nimekileta," nikasema.

Anselmo akaacha kutafuna. "Haya."

"Nataka kujua, huyu mwanamke ulimchonga umelewa, au ndivyo walivyo kwenu? Jicho moja limepanda juu kumtafuta mwenye nyumba asije akadai kodi. La pili limeteremka kunusa pilau la Bi Tunu."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka kwenye macho hayohayo, na Yustina akayafuta kwa upindo wa kanga, akicheka na kulia kwa pamoja. Anselmo akanyoosha mkono akaomba patasi. Tukampa. Akakipakata kichwa, akalitafuta kwa kidole jicho la pajini, akalinyoa likawa sawa na uso, akalichora mstari mmoja. Akashuka puani, akalipata la pili, akafanya vivyo hivyo. Hakuyahamisha. Aliyafumba palepale yalipokuwa, akapuliza unga wa mpingo, akanirudishia.

"Mwache alale," akasema, akainama kutafuta sahani yake.